Kubana na Kufungasha Taswira za Disketi za Amiga kwa Ajili ya Hifadhi za Mtandaoni

Taswira kamili ya disketi ya kawaida ya Amiga, kompyuta ya nyumbani ya Commodore, ni faili linalonakili kila sekta ya disketi, na ina baiti 901,120, haizidi wala haipungui. Hesabu yake ni nyepesi: disketi ina nyuso 2, kila uso una traki 80 (miduara ya data), kila traki ina sekta 11 (vipande vya mduara huo), na kila sekta hubeba baiti 512. Ninaanza na hesabu hii kwa sababu watu wengi wanaotaka kupeleka disketi za zamani kwenye hifadhi za mtandaoni huanza kwa kuuliza ni programu gani inabana zaidi, ilhali swali la kwanza ni kama kile wanachotaka kukibana ni kizima. Faili lenye kasoro likibanwa vizuri hubaki kuwa faili lenye kasoro, ila sasa ni jepesi kusambaa.

Nitafuata safari ya disketi moja tangu inapoingia kwenye kiendeshi hadi kifurushi chake kinapokaa mtandaoni. Nimechagua disketi za mkusanyo wa Fred Fish, yule mwanaprogramu wa Marekani aliyekusanya programu za Amiga zilizoruhusiwa kusambazwa bure na kuzitoa kwa namba hadi mwaka 1994, zikapita disketi 1,000. Uzuri wa mkusanyo huo ni kwamba uliundwa ili usambazwe, kwa hiyo anayejifunzia kazi hii juu yake haanzi na mashaka ya hakimiliki. Michezo iliyouzwa madukani ni suala jingine; kwamba kampuni iliyoutengeneza mchezo ilikwisha kufungwa hakufanyi mchezo huo uwe mali ya kila mtu, na asiye na ruhusa afanye taswira kwa matumizi yake mwenyewe badala ya kuipakia.

Kabla ya kuiingiza disketi, fungua kitundu cha ulinzi. Katika disketi za inchi 3.5, kitundu kikiwa wazi disketi haiandikiki, na kikizibwa inaandikika. Disketi za inchi 5.25 ni kinyume chake, yaani pengo la pembeni likizibwa kwa gundi ndipo disketi inapolindwa, na nimeshaona watu waliozoea aina moja wakiiacha wazi aina nyingine wakidhani wameilinda.

Kidhibiti cha kawaida cha disketi kwenye PC hakiwezi kuisoma disketi ya Amiga, kwani Amiga huandika sekta zote 11 za traki kwa mkupuo mmoja, bila zile nafasi za kutenganisha ambazo kidhibiti hicho huzitegemea. Kiendeshi chenyewe hakina tatizo; kinachohitajika ni kukiunganisha na kifaa kinachopima mageuko ya sumaku moja kwa moja. Mimi hutumia Greaseweazle, kibao kidogo cha USB kilichobuniwa na Keir Fraser, pamoja na kiendeshi cha PC cha mitumba. Amri ni hii:

gw read --format=amiga.amigados fish0123.adf

Programu itakuonyesha kila traki na idadi ya sekta ilizozipata. Unachotaka kukiona ni 11/11 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiona 10/11 usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu faili litakalotoka bado litakuwa na baiti 901,120 na kwa nje litaonekana zima. Pale sekta iliposhindikana, Greaseweazle hujaza maneno yake yenyewe, -=[BAD SECTOR]=-, yakijirudia mara 32 mpaka baiti 512 zitimie. Ni ujazo wa busara, maana unaweza kuutafuta baadaye:

grep -a -c "BAD SECTOR" fish0123.adf

Jibu likiwa 0, taswira haina sekta iliyozibwa kwa njia hiyo. Likiwa namba nyingine, safisha kichwa cha kiendeshi kwa pamba na spiriti safi, jaribu tena, kisha jaribu kiendeshi kingine. Disketi iliyokataa kwenye kiendeshi kimoja mara nyingi hukubali kwenye kingine, kwa kuwa vichwa havikai mahali pamoja kabisa. Ikishindikana hata hivyo, hifadhi ulichokipata na uandike wazi ni traki ipi iliyoshindwa. Faili la ADF, yaani taswira hiyo ya sekta za Amiga, halina mahali pa kuweka taarifa za makosa, kwa hiyo usipoziandika pembeni zimepotea. Taswira za D64 za Commodore 64 zina nafuu hapo: faili la kawaida lina baiti 174,848, na lile lenye baiti 175,531 limeongezewa baiti 683 mwishoni, moja kwa kila sekta, za kueleza kosa lililoonekana wakati wa kusoma. Anayekata baiti hizo 683 ili mafaili yake yote yalingane ukubwa anatupa ushahidi.

Angalia pia baiti nne za mwanzo:

xxd -l 4 fish0123.adf

Disketi ya AmigaDOS itaonyesha 444f 5300 au 444f 5301, yaani herufi DOS zikifuatwa na 0 kwa mfumo wa zamani wa mafaili au 1 kwa ule wa kasi. Ukiona kitu kingine, si lazima pawe na kosa. Huenda ni disketi ya mchezo inayojiwasha kwa njia yake, lakini ni jambo la kuandika kwenye maelezo.

Sasa, kabla ya kugusa chochote kingine, toa alama ya uhakiki (mfuatano wa herufi unaokokotolewa kutoka kwa yaliyomo, ambao hubadilika hata baiti moja tu ikibadilika) na ufunge faili lisiandikike:

sha256sum fish0123.adf > fish0123.sha256
chmod 444 fish0123.adf

Mpangilio huu nimejifunza kwa hasara. Sanduku langu la disketi lilitoka kwenye soko la mitumba la mji mmoja wa Ujerumani, na kwa furaha ya kuziona zikisomeka nilikuwa nikiifungua kila taswira kwenye programu ya kuiga Amiga kabla ya kuitolea alama. Katika disketi mojawapo niliona aikoni zimerundikana kwenye kona ya dirisha, nikazipanga, nikachagua Snapshot kwenye menyu ya Workbench, eneo-kazi la Amiga, ili zikae hivyo. Workbench ikafanya ilichoamriwa: ikaandika mahali papya pa kila aikoni ndani ya mafaili ya .info na kubadilisha hesabu za bloku husika. Miezi mingi baadaye nililinganisha taswira yangu na ya mtu mwingine, nikahangaika jioni nzima nikidhani nimepata toleo lisilojulikana, kumbe nilichogundua kilikuwa mkono wangu mwenyewe. Disketi ya asili ilikuwa imekwisha kuota ukungu, kwa hiyo sikuweza kuisoma upya. Tangu hapo taswira haifunguliwi popote kabla ya alama kuandikwa, na inayofunguliwa ni nakala yake.

Kuna kishawishi kingine ambacho kinakuja kwa jina la kubana. Disketi iliyotumika ina bloku ambazo mfumo wa mafaili unazihesabu kuwa tupu, lakini ndani yake mna mabaki ya mafaili yaliyofutwa, kwa sababu kufuta huondoa jina kwenye orodha na kuachilia nafasi bila kugusa yaliyomo. Mabaki hayo hayabaniki vizuri, na zipo programu zinazoweza kuyajaza sifuri ili kifurushi kipungue. Usifanye hivyo. Utaokoa kilobaiti kadhaa na kuharibu kitu ambacho mtafiti wa kesho anaweza kukihitaji, kama vile toleo la awali la msimbo lililofutwa ili kupisha la mwisho. Vivyo hivyo kwa virusi: bloku ya kuwashia (sehemu ya mwanzo ya disketi inayosomwa kompyuta ikiwaka) yenye kirusi cha SCA, kilichoenea kwenye Amiga mwaka 1987, iache ilivyo na uitaje kwenye maelezo. Ikiwa mabaki ni barua za mtu, hesabu zake za benki au picha za familia yake, jibu si kusafisha taswira na kuipakia. Jibu ni kutoipakia, au kumtafuta mwenyewe na kuomba ruhusa.

Tukija kwenye kubana kwenyewe, inafaa kujua kwamba kila zama zilikuwa na mtindo wake. Watu wa Amiga walibana disketi nzima kwa DMS, yaani Disk Masher System, na mafaili ya kawaida kwa LhA, ambayo asili yake ni programu ya LHA iliyotoka Japani. Aminet, hifadhi iliyoanzishwa na wanafunzi wa Uswisi mwaka 1992, hadi leo inapokea vifurushi vya LhA vikiwa na faili la .readme pembeni. Watumiaji wa Commodore 64 nao waliigawa disketi katika mafaili manne yenye majina yanayoanza na 1!, 2!, 3! na 4!. Ukiikuta kazi ya zamani katika sura hizo, ihifadhi katika sura hiyohiyo, kwa sababu kifurushi chenyewe ni sehemu ya historia yake, halafu weka taswira iliyofunguliwa kando yake. Kwa taswira unayoitengeneza leo, DMS haina faida tena. Wanaoweza kuifungua ni wachache na inabana hafifu.

Kwa disketi moja mimi huchagua ZIP, na sababu si ukubwa. Kila kompyuta inaifungua, programu nyingi za kuiga mashine za zamani, zikiwemo WinUAE ya Amiga na VICE ya Commodore 64, huisoma taswira ikiwa ndani ya ZIP bila kuitoa, na hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive humwonyesha mgeni orodha ya yaliyomo ndani ya ZIP na kumruhusu achukue faili moja tu. Kwa anayelipia bando kwa megabaiti, tofauti kati ya kuchukua faili moja na kushusha mkusanyo mzima ni kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya programu mbili za kubana. Gzip nayo ni nzuri kwa faili moja, na taswira zenye jina linaloishia na .adz ni ADF zilizobanwa kwa gzip tu. Ukiitumia, weka chaguo la -n ili jina na wakati visiingizwe ndani.

7z, aina nyingine ya kifurushi, ina mahali pake, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Mbinu ya Deflate inayotumika ndani ya ZIP na gzip hutafuta marudio ndani ya dirisha la baiti 32,768 tu. Tuseme una nakala mbili za disketi ileile zinazotofautiana sekta tatu. Ndani ya ZIP kila faili linabanwa peke yake, hivyo unalipa mara mbili. Ukiziunganisha kwa tar, inayounganisha mafaili bila kuyabana, kisha ukatumia gzip, bado unalipa mara mbili, kwa sababu kinachofanana na mwanzo wa nakala ya pili kiko nyuma yake kwa baiti 901,120 na zaidi, mbali mno kwa dirisha hilo kuona. LZMA, mbinu ya kubana inayotumiwa na 7z, ina kamusi ya megabaiti nyingi. Inaiona nakala ya kwanza yote, na nakala ya pili inakuwa karibu bure. Kwa hiyo mkusanyo wa matoleo mengi yanayofanana ubane kwa 7z. Bei yake ni kwamba mafaili yote yamefungamana: anayetaka disketi ya mwisho hulazimika kupitia zile za mbele yake, na doa dogo likiingia katikati huweza kuvuruga yote yanayofuata. Ndiyo maana naitumia kwa nakala za akiba ninazozitunza mwenyewe, na hifadhi ya umma naipa ZIP moja kwa kila disketi, au ZIP moja kwa kila programu yenye disketi kadhaa.

Usitarajie kiwango kimoja cha kubana. Disketi karibu tupu hushuka hadi kilobaiti chache, na disketi iliyojaa programu ambazo waandishi wake walikwisha kuzibana kwa PowerPacker, programu ya kubana ya Amiga, huenda isipungue hata robo. Kuingiza ZIP ndani ya ZIP hakuongezi chochote ila hatua moja zaidi kwa anayefungua.

Majina ya mafaili yanastahili uangalifu zaidi ya yanavyopewa. Tumia herufi ndogo za kawaida, tarakimu na kistari, bila nafasi wala alama za matamshi. Disketi zangu kadhaa zina lebo za Kijerumani, na neno kama Brücken likiwa jina la faili ndani ya ZIP hutegemea kama programu iliyofungasha ilitia alama ya UTF-8 au ilitumia jedwali la herufi la MS-DOS. Ikitokea kutoelewana, ile ü hugeuka kuwa kitu kisichosomeka, na alama ya uhakiki inayotaja jina hilo inashindwa kulipata faili. Lebo kamili iandike ndani ya maelezo, ambako hakuna kizuizi. Jaza sifuri mbele ya namba pia: kwa kuwa mkusanyo wa Fish ulipita 1,000, disketi ya 123 iitwe fish0123, la sivyo ya 1000 itajipanga kabla ya ya 2.

Faili la maelezo liwe maandishi matupu ya UTF-8, si la programu ya ofisi. Langu huwa hivi:

Jina: Fish Disk 0123
Kompyuta: Amiga, disketi ya inchi 3.5, baiti 901120
Lebo: "Fish 123", kwa kalamu ya bluu, ni nakala, si disketi ya mchapishaji
Imesomwa kwa: Greaseweazle, kiendeshi cha kawaida cha PC
Sekta zilizoshindikana: hakuna
Mfumo wa mafaili: DOS 0
Bloku ya kuwashia: ya kawaida, hakuna kirusi kilichoonekana
Mabadiliko baada ya kusoma: hakuna

Mstari wa tatu ndio unaosahaulika zaidi. Disketi za Fish zilinakiliwa na vilabu na marafiki, na nakala iliyofanywa faili kwa faili haina bloku zilezile wala tarehe ilezile ya disketi, hata kama kila programu ndani yake ni sahihi. Msomaji akijua kuwa mbele yake kuna nakala ya mkono wa pili, hatashangaa alama zisipolingana.

Kufungasha sasa ni amri moja:

TZ=UTC zip -X -9 fish0123.zip fish0123.adf fish0123.txt fish0123.sha256

Chaguo la -X huzuia namba za mtumiaji na taarifa nyingine za kompyuta yako zisiingie, na TZ=UTC hufanya saa zilizoandikwa ndani zisibadilike kwa sababu tu uko Dar es Salaam au Berlin, maana ZIP ya asili huandika saa ya mahali ulipo bila kutaja ni ya wapi. Kisha hakiki kile kilicho ndani, si kifuko chake:

unzip -p fish0123.zip fish0123.adf | sha256sum

Matokeo yafanane herufi kwa herufi na yale ya fish0123.sha256. Amri ya unzip -t peke yake haitoshi. Inalinganisha CRC32, alama fupi ya uhakiki iliyoandikwa wakati wa kufungasha, hivyo faili lililokuwa limeharibika kabla ya kufungashwa litapita bila swali.

Disketi zenye kinga dhidi ya kunakiliwa haziingii katika ADF, kwa kuwa kinga hizo hukaa kwenye vitu ambavyo ADF haivibebi, kama vile traki ndefu kupita kawaida. Hizo huhifadhiwa kwa mageuko ya sumaku yenyewe, mathalani katika faili la SCP. Hapa ukubwa hubadilika sura: kila geuko huchukua baiti mbili, mzunguko mmoja wa traki hudumu milisekunde 200, na kwa traki 160 unapata takriban megabaiti 12 kwa kila mzunguko unaouhifadhi; mizunguko mitatu ni kama 36. Namba hizo zina mtikisiko wa mota ndani yake, kwa hiyo hazibaniki kama taswira ya sekta, na hapo ndipo 7z inapoizidi ZIP kwa kiasi kinachoonekana. Weka SCP katika kifurushi chake peke yake. Anayetaka kuendesha programu tu asilazimishwe kupakua megabaiti ambazo hatazitumia.

Mkusanyo mkubwa unaokwenda maktaba au chuo kikuu unaweza kuwekwa katika mpangilio wa BagIt, ulioandikwa rasmi kama RFC 8493 mwaka 2018: kabrasha la data lenye vifurushi vyote, faili la bagit.txt, na manifest-sha256.txt yenye alama ya kila kifurushi. Kwa disketi kumi za nyumbani hilo ni kuvaa suti kwenda kuteka maji.

Baada ya kupakia, shusha kifurushi tena kutoka hifadhini, ukiwezekana kwa kompyuta nyingine, kifungue na uendeshe:

sha256sum -c fish0123.sha256

Internet Archive huorodhesha MD5 na SHA-1 za kila faili ilizozihesabu yenyewe, na unaweza kuzilinganisha na zako. Kwa mafaili ya gzip huenda ukakuta alama ya kifurushi imebadilika na hata ukubwa wake umeongezeka, kwa sababu baadhi ya seva huyatangaza kama yaliyobanwa kwa ajili ya usafiri, na kivinjari kikayafungua kimyakimya njiani. Usipakie upya kwa hofu. Angalia kwanza kama ulichopokea si ADF yenyewe yenye baiti 901,120 iliyobaki na jina la .gz, kama ndivyo, itolee SHA-256 na uilinganishe na ile uliyoiandika siku disketi iliposomwa.